"UTI Sugu" na Gharama ya Kutibu kwa Kubahatisha

Herufi tatu za Kiingereza, UTI, zimeota mizizi katika Kiswahili cha Tanzania kiasi kwamba ni wachache wanaokumbuka kuwa ni ufupisho, na wengi hulitamka jina hilo kama wanavyotamka malaria au mafua, yaani kwa wepesi, kwa uhakika, na mara nyingi bila kipimo chochote kilicholithibitisha. Katika miaka ya karibuni limepata mwenzake, "UTI sugu", ambalo hutajwa kwenye foleni za zahanati, kwenye madirisha ya maduka ya dawa na katika matangazo ya wauza mitishamba, likiwa na maana ya ugonjwa ulioshindikana, uliokwisha kumaliza dozi tatu au nne na bado ukarudi. Msemo huo una ukweli ndani yake, kwa sababu usugu upo na unazidi; lakini pia unapotosha, kwa sababu wengi wanaoambiwa wana UTI sugu hawajawahi kuambiwa ni kimelea gani kilichowaambukiza, kinauawa na dawa ipi, wala kama kweli kilikuwapo. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo linaanzia hapo, kwenye meza ya kipimo, kabla halijafika kwenye rafu ya dawa, na kwamba fedha zinazotumika kutafuta dawa kali zaidi zingeleta nafuu kubwa zaidi kama zingepitia kwanza maabara.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, yaani ya mfumo unaoanzia kwenye figo mbili, ukashuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, kisha ukatokea nje kwa mrija wa mwisho ambao kwa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4 tu, ilhali kwa mwanamume ni mrefu mara kadhaa. Tofauti hiyo ya sentimita chache ndiyo sababu kubwa inayofanya takriban nusu ya wanawake wapate maambukizi haya angalau mara moja maishani, na wanaume vijana wayapate kwa nadra. Msababishaji mkuu ni bakteria aitwaye Escherichia coli, au E. coli kwa kifupi, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885 na daktari wa watoto Theodor Escherich, na ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wa mtu mwenyewe, ambamo huishi bila kumdhuru. Imani iliyoenea kwamba ugonjwa huu huokotwa kwenye choo cha kuchangia imewatia aibu wasichana wengi wa shule za bweni na wapangaji wa nyumba zenye choo kimoja, kana kwamba wameshindwa usafi. Choo safi ni haki ya kila mtu na ni kinga dhidi ya kuhara na kipindupindu, lakini bakteria wa UTI kwa kawaida husafiri safari fupi mno, kutoka njia ya haja kubwa hadi mlango wa mkojo wa mtu yule yule, na tendo la ndoa huwasaidia kusogea bila kuufanya ugonjwa huu kuwa wa zinaa.

Dalili za maambukizi yanayoishia kwenye kibofu zinafahamika: mkojo unaochoma, haja inayorudi kila baada ya dakika chache huku yakitoka matone tu, na maumivu chini ya kitovu. Bakteria wakipanda hadi kwenye figo, sura ya ugonjwa hubadilika, mgonjwa akapata homa kali, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya kiunoni upande mmoja na kutapika, na hapo hatari huwa kubwa, kwa kuwa vimelea vinaweza kuingia katika damu. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu dawa inayofaa kibofu haitoshi kwa figo, na dawa inayohitajika kwa figo ni ya gharama kubwa mno, kwa mgonjwa na kwa jamii, kupotezwa kwenye kibofu.

Safari ya kawaida ya kipimo inafaa kutazamwa kwa karibu. Mgonjwa hupewa kikopo, akaonyeshwa choo kwa kidole, na akarudi na mkojo alioanza kuukinga tangu tone la kwanza, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba mkojo wa mwanzo huzoa bakteria wa ngozini na kwamba unaotakiwa ni ule wa katikati, unaokingwa baada ya kujisafisha kwa maji na kuuacha wa mwanzo upite. Kikopo hicho hukaa juu ya meza pamoja na vingine, pengine kwa saa tatu katika joto la Dar es Salaam au Tanga, na humo ndani bakteria wachache wasiohusika na ugonjwa wowote huongezeka, kwani E. coli akipata chakula na joto la kumfaa kabisa huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kisha huchovywa kijiti chenye vibandiko vya rangi, ambacho kibandiko chake kimoja hugeuka zambarau panapokuwa na chembe nyeupe za damu, na kingine hugeuka waridi panapokuwa na nitraiti, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya bakteria. Au mtaalamu huweka tone chini ya hadubini, akahesabu chembe za usaha na kuandika idadi yake kwenye cheti. Mgonjwa huambiwa, kwa lugha iliyozoeleka, kwamba mkojo wake ni mchafu, na baada ya neno hilo mazungumzo yote yaliyobaki huwa ni ya dawa.

Lakini chembe za usaha ni ishara ya kwamba mwili unapambana na jambo fulani mahali fulani, na jambo hilo si lazima liwe UTI. Ute wa ukeni ukichanganyika na mkojo huleta chembe hizo hizo. Klamidia, kisonono na trikomonasi, ambayo ni magonjwa ya zinaa yenye matibabu yake, huunguza njia ya mkojo na kutoa picha inayofanana. Katika Kanda ya Ziwa, katika ukanda wa pwani na visiwani Unguja na Pemba kuna kichocho cha mkojo, ugonjwa wa minyoo midogo inayopatikana kwa kugusana na maji yenye konokono fulani, ambao huleta damu kwenye mkojo na maumivu ya kibofu, hutibiwa kwa prazikwanteli, na ukiachwa kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu. Mvuvi au mkulima wa mpunga mwenye kichocho, aliyepewa siprofloksasini mara tatu kwa sababu mkojo wake ni mchafu, bila shaka ataambiwa kuwa UTI yake ni sugu, na hakuna dawa ya bakteria duniani itakayomponya. Tena wapo watu, hasa wazee, wenye kisukari na wenye mpira wa mkojo, ambao bakteria huishi katika vibofu vyao bila dalili yoyote, na miongozo ya kitaalamu inakubaliana kwamba kwa kawaida hawapaswi kutibiwa, isipokuwa wajawazito na wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, kwa kuwa dawa haiwapi faida na huacha nyuma vimelea vigumu zaidi.

Kwa watoto mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kueleza panapouma na mara nyingi homa ndiyo dalili pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliowachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, ulikuta UTI kwa asilimia 5.9 ya watoto hao, huku asilimia 62.2 wakiwa na maambukizi ya njia ya hewa, ambayo mengi huletwa na virusi, na virusi haviuawi na antibiotiki. Asilimia 5.9 haipaswi kupuuzwa, maana UTI ya mtoto mchanga yaweza kuharibu figo na kuua; lakini iko mbali sana na wingi wa watoto wanaorudi nyumbani na chupa ya dawa ya kukoroga baada ya kuambiwa wana UTI. Kwa watu waliofika vituoni na dalili za UTI yenyewe, mradi wa utafiti ulioitwa HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda na kukusanya mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500, ulithibitisha maambukizi kwa takriban mmoja kati ya kila watatu, na kati ya vimelea vilivyopatikana, karibu nusu vilikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Namba hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Wamo miongoni mwa wasiothibitishwa waliokwisha kumeza vidonge kabla ya kufika, na bakteria wao hawakuweza kuota. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonyesha kwamba dawa zinatolewa kwa wingi kwa wasiozihitaji, ilhali wanaozihitaji wanazikuta zimekwisha makali.

Njia ya kujua ni kuotesha mkojo, nayo ni kazi ya subira. Mtaalamu huchovya kitanzi chembamba kinachobeba sehemu moja ya elfu ya mililita, akakipaka juu ya sahani yenye chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli, akaiweka sahani katika joto la nyuzi 35 hadi 37 na kuiacha ilale. Asubuhi E. coli huonekana kama vidoa vya mviringo, vya waridi kwenye sahani ya aina moja na vya manjano kwenye nyingine, na hesabu yake ikionyesha bakteria 100,000 au zaidi katika kila mililita, kiwango kilichotokana na kazi ya Edward Kass wa Marekani katika miaka ya 1950, maambukizi huhesabiwa kuwa ya kweli. Kisha bakteria hao hutandazwa kwenye sahani nyingine, wakawekewa vipande vidogo vya karatasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa mbalimbali, na siku inayofuata jibu husomeka kwa macho: kando ya karatasi ya dawa inayofaa pametokea duara tupu ambamo hakuna kilichoota, na kando ya dawa isiyofaa bakteria wamejaa hadi kwenye ukingo wa karatasi kana kwamba haikuwekwa kitu. Upana wa duara hupimwa kwa milimita, na mgonjwa ambaye wiki nzima amekuwa akibahatishiwa hupata jibu lililoandikwa. Ni huduma isiyohitaji mashine za ajabu, lakini uchambuzi wa maabara zipatazo 50,000 katika nchi 14 za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kuwa ni asilimia 1.3 tu ya maabara hizo zilizofanya vipimo vya bakteria. Hilo ndilo pengo lenyewe, na kampeni zote za kuwahimiza wananchi wasitumie dawa ovyo haziwezi kuliziba.

Usugu hauumo katika mwili wa mgonjwa, wala damu ya mtu haizoei dawa, kama inavyosemwa mara nyingi mitaani. Umo katika bakteria. Kila wanapojigawa hutokea makosa madogo katika vinasaba vyao, na baadhi ya makosa hayo humpa bakteria mlango mwembamba usiopitisha dawa, pampu ya kuitapika, au kimeng'enya cha kuikatakata. Zaidi ya hayo, bakteria hupeana plasmidi, yaani vipande vidogo vya vinasaba vinavyohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, hata wa jamii tofauti, na kipande kimoja huweza kubeba usugu dhidi ya dawa nne au tano kwa pamoja. Antibiotiki inapoingia mwilini haichagui kibofu peke yake. Hupita utumboni, ikaua waliokuwa dhaifu na kuwaachia nafasi waliokuwa wagumu, na kwa kuwa UTI ijayo itatoka katika utumbo huo huo, dawa iliyotolewa mwezi huu kwa mafua ya mtoto au kwa mkojo mchafu wa mama ndiyo inayopanda mbegu ya maambukizi magumu ya miezi ijayo. Seftriaksoni, sindano inayopendwa kwa kuwa inaaminika kuwa kali, hutolewa mwilini kwa kiasi kisicho kidogo kupitia nyongo, hivyo huumwagia utumbo dozi nzito, na hulea bakteria wenye vimeng'enya vinavyovunja karibu kundi zima la dawa za jamii yake. Hospitali zinaitegemea kwa homa ya uti wa mgongo na kwa sumu ya bakteria katika damu ya mtoto mchanga. Kuitumia kwa kibofu kinachochoma ni kosa linalolipwa na mtu mwingine.

Dawa ya kibofu iliyo bora kwa wanawake wengi wasio na matatizo mengine ni ya zamani na ya bei nafuu. Nitrofurantoini ilianza kutumika mwaka 1953, na sifa yake ni kwamba hujikusanya katika mkojo, haiusumbui sana utumbo, na humshambulia bakteria katika sehemu nyingi kwa mara moja, hivyo E. coli wengi wa eneo hili bado wanauawa nayo baada ya miaka zaidi ya 70. Siku 5 kwa kawaida zinatosha. Haifai kwa maambukizi ya figo, kwa sababu haifikii kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo, na haitolewi kwa mjamzito anayekaribia kujifungua wala kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofu sana. Shirika la Afya Duniani huiweka katika kundi la antibiotiki zinazopaswa kupatikana kwa kila mtu na kutumiwa mwanzo, ilhali siprofloksasini na seftriaksoni ziko katika kundi linalotakiwa kuangaliwa kwa jicho kali. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka siprofloksasini na jamaa zake zisitolewe kwa UTI nyepesi pale penye dawa nyingine, kutokana na madhara yake kwa kano na mishipa ya fahamu. Madukani kwetu, chini ya jina la mkato la "sipro", bado inanunuliwa kama dawa ya tumbo, ya mkojo na ya kila homa isiyojulikana.

Lawama ya hali hii kwa kawaida huelekezwa kwa mgonjwa asiyemaliza dozi na kwa muuzaji asiyeuliza cheti. Onyo hilo ni la siku nyingi, kwani Alexander Fleming mwenyewe, akihutubia baada ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitahadharisha kuhusu siku ambayo penisilini ingenunuliwa dukani na mtu yeyote na kumezwa kwa kiasi pungufu. Lakini mama anayenunua nusu dozi hafanyi hivyo kwa ukaidi. Anazo fedha za nusu dozi. Akienda kituoni atalipia kumwona daktari, atalipia kipimo na atalipia dawa, kisha siku nzima ya biashara itakuwa imepotea, na mwisho wa yote ataandikiwa dawa ile ile ambayo angeipata dukani kwa dakika tano. Kufunga milango ya maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili vijiji visivyo na mfamasia vipate dawa salama, kungewaadhibu watu wa vijijini kwa kosa la mfumo. Hata agizo la kumaliza dozi, ambalo ni sahihi pale dozi ilipopangwa kwa usahihi, halimsaidii mtu anayemaliza kwa uaminifu siku 10 za dawa asiyoihitaji. Kila siku ya ziada huwapa bakteria wa utumboni somo jingine la kuishi na dawa hiyo.

Madhara yake hayajabaki kuwa ya nadharia. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 na kuchangia vifo milioni 4.95, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa uwiano wa watu. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliahidi kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo 2030 na kuhakikisha kuwa asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu zinatoka katika kundi lile la kwanza. Tanzania ina mpango wake wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaojulikana kwa ufupisho wa UVIDA, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mahali pa kuyaunganisha mambo haya mawili ni padogo na pako wazi: kuotesha mkojo kuwe huduma inayolipiwa na bima hadi ngazi ya wilaya, sampuli zisafirishwe kwa pikipiki kama makohozi ya kifua kikuu yanavyosafirishwa, na kila mkoa utangaze kila mwaka ni dawa zipi bado zinaua E. coli wa mkoa huo, ili hata mganga wa zahanati isiyo na maabara aandike dawa kwa kujua. Dawa mpya zipo njiani, na Marekani iliidhinisha mojawapo ya UTI, gepotidasini, mwezi Machi 2025, lakini zikifika katika mfumo unaobahatisha zitaharibika kama zilivyoharibika zilizotangulia.

Kinga nayo isidharauliwe kwa kuwa ni rahisi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa na UTI ya mara kwa mara na wenye desturi ya kunywa maji kidogo waligawanywa katika makundi mawili, na walioongeza lita 1.5 za maji kila siku kwa mwaka mzima walipata wastani wa vipindi 1.7 vya ugonjwa, wenzao wakipata 3.2. Mwanafunzi, dereva wa daladala na mama wa sokoni wanaojinyima maji kwa sababu hakuna choo cha heshima karibu nao wanalipa kwa vibofu vyao, na hapo ndipo choo kinapohusika kweli na ugonjwa huu.

Kwa hiyo, anayeambiwa kwa mara ya pili au ya tatu ndani ya mwaka mmoja kwamba ana UTI na aombe, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, mkojo wake uoteshwe, na ahifadhi jibu hilo kama anavyohifadhi kadi ya kliniki. Mjamzito na aulize kipimo hicho hata kama hana dalili, kwa kuwa kwake bakteria walionyamaza huweza kupanda hadi kwenye figo na kumletea uchungu kabla ya wakati. Mwenye homa, kutapika na maumivu ya kiunoni, pamoja na mzazi wa mtoto mchanga mwenye homa, wasisubiri sahani iote. Waende hospitali siku hiyo hiyo, watoe mkojo kwanza, na waanze dawa wakati maabara inaendelea na kazi yake.